Chumba Kisicho na Maiki

Jina la Dakika hakupewa na wazazi wake. Alipewa kituoni na askari wenzake, kwa sababu hakuna kesi aliyoishika huyu mama bila kuuliza kila kitu kilichukua dakika ngapi: ugomvi dakika ngapi, kuvunja mlango dakika ngapi, marehemu kuvaa viatu dakika ngapi. Walidhani wanamtania, naye akalipokea jina kama cheo. Miaka ishirini na miwili kazini, sasa ni inspekta, na ile saa yake ya mkononi ya kiume ilikuwa imewapeleka jela watu wengi kuliko bastola yoyote pale kituoni. Hakuchoka kulisema hilo mwenyewe, na tumsamehe, maana ni kweli tupu.

Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, alikuwa akikipima kwa hatua chumba kidogo ndani ya ghala kubwa. Hatua nne urefu, tatu upana. Zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Sasa kilikuwa na viti viwili vinavyotazamana, zulia dogo, meza yenye mtoto wa meza, yaani droo, ya kufungwa kwa ufunguo, boksi la tishu, na trei za mayai zilizobandikwa ukuta mzima ili sauti isitoke nje. Ghala lote lililobaki lilikuwa mali ya kampuni ya runinga, ambayo ilijenga humo nyumba ya mbao, ikatia watu kumi na wawili wasiojuana, ikawaacha waishi na kushindana mbele ya kamera. Walilala na maiki, walikula na maiki. Chumba hiki ndicho pekee kisicho na maiki wala kamera. Aliyetaka kuingia alivua maiki yake na kuiacha kwenye kisanduku cha mbao nje ya mlango.

Kwenye kiti kimoja alikaa mwenye chumba, mwanasaikolojia wa kipindi, mama wa miaka hamsini na kitu, mgongo wima, mikono mapajani. Washiriki walimwita Shangazi, na si kwa kumpenda tu. Alikuwa na ile tabia ya shangazi aliyefunga safari kuja kusikiliza jambo la nyumbani: anauliza swali moja, anakaa, na haondoki mpaka umesema. Yeye ndiye aliyechuja walioomba kuingia, akawakataa ambao mchezo ule ungewavunja, akawasikiliza walio ndani, akamtoa aliyezidiwa, na kwa miezi sita baada ya kutoka akawapigia simu mmoja mmoja kuwajulia hali. Misimu sita, watu sabini na wawili, wote walirudi kwao na akili zao timamu. Aliitaja hesabu hiyo kidevu kikiwa juu, na nani wa kumlaumu.

Msimu wa saba ndio ulioleta balaa. Kulikuwa na mshiriki mmoja, mshona suti, waliyemwita Fundi Cherehani, mtu wa maneno machache ambaye watazamaji walimpenda kuliko wote. Jumamosi adhuhuri Fundi aliingizwa kwenye jaribio lililoitwa Shimo, akae peke yake ndani ya chumba chenye giza kwa nusu saa. Dakika ya kumi na moja alivunja kidirisha cha juu kwa mikono na kichwa, akaanguka upande wa pili juu ya saruji. Nyonga ilivunjika, na mkono wa kushikia mkasi pia. Tangu Jumatatu alikuwa amefungua macho hospitalini, lakini hakuwa ametamka neno, si kwa madaktari wala kwa dada yake aliyekesha kando ya kitanda.

Na karatasi zilisema Shangazi ndiye aliyemruhusu. Fomu ya Alhamisi ilikuwa na saini yake, na rekodi ya mazungumzo yao ilikuwa na sauti yake. Mwendesha mashtaka alilitaka jalada mezani saa kumi kamili jioni, kosa likiwa uzembe uliosababisha madhara makubwa. Leseni ingekwenda na maji, na jela ilikuwa hatua mbili mbele. Tena, kwa kuwa ni mtuhumiwa, Shangazi hakuruhusiwa kukanyaga wodi aliyolazwa Fundi. Hayo ya leseni na jela aliyataja mara moja akayaacha. Hili la wodi ndilo lililomkata maini.

Dakika akakaa kwenye kiti cha pili.

"Daktari, Alhamisi ulimwambia nini Fundi?"

"Nilimwambia anatoka siku ile ile. Nikaandika, nikatia saini."

"Fomu inasema aendelee."

"Ukurasa wa pili wenye saini ni wangu. Huo wa kwanza siujui."

Hilo Dakika alikwisha kuliona tangu Jumapili. Ukurasa wa pili ulikuwa na matundu manne ya pini, wa kwanza ulikuwa na mawili. Kuna mtu alizibandua karatasi, akauondoa ukurasa mmoja, akaweka mwingine, akapiga pini upya. Lakini wakili yeyote aliyeamka vizuri angesema mtu huyo ni Shangazi mwenyewe, kabadili mawazo. Ndiyo maana kila kitu kilibaki kutegemea rekodi.

Utaratibu wa rekodi ulikuwa mwepesi. Shangazi alirekodi mazungumzo kwa rekoda yake ndogo, iliyokaa kwenye mtoto wa meza. Kila Jumamosi kadi za wiki nzima zilipelekwa kwenye sefu ya kampuni, na mkataba ulimkataza kubaki na nakala. Yeye mwenyewe alifanya kazi Jumatatu hadi Alhamisi. Mtayarishaji mkuu, ambaye kila mtu humo alimwita Bosi, alimhakikishia Alhamisi jioni kwamba Fundi ameondoka kwa mlango wa nyuma. Runinga isingeweza kumsuta, maana kilichoonyeshwa leo kilikuwa kimepigwa siku tatu nyuma.

"Hapo ndipo nilipokosea," Shangazi akasema. "Sikusimama mlangoni nimwone akitoka kwa macho yangu. Kosa hilo liandike. Hilo ni langu."

Dakika akaliandika. Kisha akawasha rekodi, dakika ishirini na tatu. Sauti ya Fundi ilieleza kwamba usingizi umekuwa wa shida lakini anajiona vizuri, na sauti ya Shangazi ikamalizia: uko sawa, utaendelea. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Sauti ni yangu," akasema. "Maneno ni yangu. Mazungumzo si yangu."

Sajini, aliyekuwa ameegemea mlango, akakohoa kicheko. Huyu alikuwa msaidizi wa Dakika kwa miaka tisa, mtu mzima mwenye kitambi na mdomo usiolala. Baadaye ukumbini angesema kwamba hata mwizi wa kuku hukubali manyoya akakana kuku. Dakika alimkata jicho, akamwuliza Shangazi kama ana chochote cha kuonyesha.

"Sina. Ila najua ninavyofanya kazi. Ijue kazi yangu, utajua kama ile ni yangu."

Dakika alilipenda jibu hilo. Na yeye angejibu hivyo hivyo.

Alibakiza swali moja. Jana hospitalini dada yake Fundi alimweleza jambo ambalo familia yao haikumwambia mtu yeyote: Fundi akiwa na miaka tisa, ukuta wa jikoni ulimwangukia, akakaa chini yake kutwa na usiku kucha wakimtafuta kwingine. Je, Fundi aliwahi kumsimulia Shangazi habari za ukuta? Shangazi akasema aliyoyasikia ndani ya chumba hiki hayatoki kwa mdomo wake mpaka mwenyewe amruhusu, hata wakimfunga leo. Dakika akafunga daftari. Kama Fundi hakumsimulia kitu, angesema hapana, basi yakaisha.

Ukumbi wa ghala ulikuwa na nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa utepe mweusi, na mwisho wake, nyuma ya kaunta, alikaa Mama Maiki. Kazi yake ilikuwa kugawa maiki, kuzikusanya, kubadilisha betri na kuandika. Daftari lake lilikuwa kubwa, la mistari, na mwandiko wake ungeweza kusomwa na mtu aliyepoteza miwani. Alhamisi, Fundi alivua maiki namba saba saa tatu na dakika kumi, akarudishiwa saa nne na dakika mbili.

Dakika hamsini na mbili. Rekodi ilikuwa na ishirini na tatu.

Sajini akaona tundu la kupenya. Ufunguo wa ule mtoto wa meza ulikuwa na pacha wake, na pacha alining'inia hapo hapo ukutani nyuma ya kaunta, kwa sababu betri za rekoda pia zilibadilishwa na Mama Maiki. Akamsogelea mama wa watu, akaanza kumzungusha: nani mwingine anajua rekoda inakaa wapi, aligombana lini na Daktari, kwa nini mikono inatetemeka. Mama Maiki akamwambia mikono inatetemeka kwa sababu ya umri, asubiri na yeye zamu yake itafika. Kisha akanyooka.

"Miaka kumi na minane nashika maiki. Kinachotoka mkononi mwangu kinaandikwa, hata kikiwa sindano. Fungua ukurasa wa Ijumaa."

Wakaufungua. Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, ufunguo wa mtoto wa meza ulichukuliwa na mhariri wa video. Ulirudi saa saba kasoro dakika tano. Sababu iliyoandikwa: Bosi anataka betri zikaguliwe. Mama Maiki alijitolea kwenda mwenyewe, mhariri akasema asijisumbue. Sajini akaomba radhi kwa heshima zote, na Mama Maiki akaipokea kama haki yake.

Bosi aliwapokea ofisini kwake akiwa amevaa shati jeupe na sura ya msiba. Ukutani kulikuwa na tuzo za kipindi, zimefutwa vumbi zote. Alimsifu Shangazi kupita kiasi. Kila kipindi, akasema, huanza kwa maandishi ya kuwahakikishia watazamaji kwamba washiriki wako chini ya uangalizi wa mtaalamu wa saikolojia. Bila mtaalamu, watu wangeona ni ukatili. Wao wenyewe ni watu wa picha tu, mtaalamu akisema aendelee, wao ni nani wa kupinga? Kuhusu tofauti ya dakika, alikuwa na jibu mfukoni: Daktari huanza na salamu, maji ya kunywa, stori mbili tatu, ndipo awashe rekoda. Lilikuwa jibu zuri, na hakuna aliyeweza kulipinga.

Dakika akaomba maandishi ya jaribio la Shimo. Yalikuwa karatasi moja, imeandikwa Ijumaa alasiri. Giza. Mlango ufungwe kwa nje. Dakika ya kumi, iwekwe sauti ya ukuta unaobomoka.

"Ukuta wa nini?" akauliza.

"Ubunifu tu, Afande. Kunogesha."

Dakika akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha ya vielelezo, akaandika saa. Kwenye dakika zile ishirini na tatu neno ukuta halikutajwa hata mara moja. Ubunifu gani huo unaotua juu ya kidonda cha mtu, siku moja baada ya mwenye kidonda kuingia chumba kisicho na maiki? Aliulizia jambo moja la mwisho, kama ni kweli, kwa maelezo ya Shangazi, kila msimu Bosi alikuwa akimwomba orodha ya hofu za washiriki ili watunge majaribio, na kila msimu Shangazi akakataa. Bosi akasema ni mazungumzo ya kikazi ya kawaida. Saa ya Dakika ilisema saa sita na nusu.

Mhariri wa video walimwita Mkasi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole, hedifoni shingoni, kwenye kijichumba chenye ubaridi na skrini tatu. Sajini alitaka ambane pale pale kuhusu ufunguo. Dakika akamkanyaga mguu. Yeye aliuliza jambo jingine kabisa: alisikia sifa za Mkasi, je, anaweza kumwonyesha mtu asiyejua kitu jinsi video inavyohaririwa?

Mkasi alichangamka. Akafungua mazungumzo ya washiriki wawili jikoni, dakika sita, vidole vikaanza kuruka juu ya kompyuta. Alitoa kikohozi, akatoa kuvuta pumzi, akatoa pale msichana alipofikiri kabla ya kujibu. Dakika sita zikawa nne, na halikukosekana neno hata moja.

"Umeona? Kimya ni sumu," akasema kwa fahari. "Mtazamaji akisikia kimya anadhani runinga imeharibika. Pengo lolote likifika sekunde moja, mkono wangu unalikata wenyewe. Siuambii."

"Hata ukikata kitu kingine, si cha runinga?"

"Hata mama akinipigia simu, Afande, nasikia mahali pa kukata."

Wakacheka wote watatu. Dakika alimshukuru, akatoka, na alipofika ukumbini akaanza kutembea haraka.

Kwenye gari walikuwa na boksi walilochukua asubuhi kwenye sefu ya kampuni kwa hati ya upekuzi: rekodi za Shangazi za misimu yote. Dakika akachagua nane bila kuangalia, za kusikilizwa dakika tano tano tu, akampa Sajini hedifoni, yeye akavua saa na kuiweka juu ya dashibodi. Kazi ya Sajini ilikuwa kunyanyua kidole kimya kikianza na kukishusha mtu akisema. Hakuna zaidi.

Kidole kilinyanyuka, kikakaa. Sekunde kumi na moja. Rekodi ya pili, sekunde ishirini, kisha thelathini na nne. Ya tatu, mwanamke mmoja aliulizwa kwa nini hampigii baba yake simu, na kidole cha Sajini kilibaki hewani dakika moja na sekunde nne, mpaka mkono ukachoka, akaushikilia kwa mwingine. Halafu mwanamke akasema. Sajini, ambaye hajawahi kunyamaza kiasi hicho hata kanisani, hakusema kitu. Rekodi nane, na hakuna hata moja ambayo Shangazi aliuliza swali lenye uzito akakimbilia lingine. Aliuliza, akakaa. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Watu sabini na wawili walikuwa wamepewa nafasi ya kutafuta neno lao wenyewe, na mama yule hakuwahi kumnyang'anya mtu nafasi hiyo.

Kisha wakaweka ya Alhamisi. Kidole kilinyanyuka, kikashuka. Kikanyanyuka, kikashuka. Dakika ishirini na tatu nzima, hakukuwa na kimya kilichofika sekunde moja.

Sajini akavua hedifoni. "Afande, huyu mama siku hiyo alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Hakuwa na haraka," Dakika akasema, akivaa saa yake. "Mkono wa mtu mwingine ndio uliokuwa na haraka."

Hapo kifua kilimvimba, na kwa nini kisivimbe? Lakini alijua wakili atasema rekodi ile fupi ni bahati mbaya tu. Alihitaji nyingine, ile nzima, na ilikuwa saa nane na dakika tano.

Wakarudi kwa Mkasi. Safari hii Dakika alivuta kiti akakaa naye uso kwa uso, magoti karibu yagusane. Sajini akasimama mlangoni, kaamriwa asifungue mdomo hata nyumba ikiungua. Dakika akaweka mezani daftari la Mama Maiki, limefunguliwa ukurasa wa Ijumaa.

"Ijumaa ulipochukua huu ufunguo, ulikata nini?"

Akanyamaza.

Mkasi alitabasamu. Dakika hakutabasamu, wala hakukunja uso. Alimtazama tu, mikono mapajani, kama alivyomwona Shangazi asubuhi. Sekunde kumi. Mkasi akarekebisha hedifoni shingoni. Sekunde ishirini na tano, akafuta skrini kwa mkono wa shati. Akauliza kama kuna swali jingine, na swali lake likabaki hapo hewani bila mtu wa kulipokea. Sekunde arobaini na tano. Mguu wake ukaanza kucheza chini ya meza. Maskini, mtu aliyekata kimya maisha yake yote sasa alikuwa amefungiwa nacho chumba kimoja, na hakukuwa na kitufe cha kubonyeza.

Dakika moja na sekunde kumi na mbili.

"Niliambiwa nifupishe tu," Mkasi akasema.

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Bosi alimwambia Daktari hajui runinga, kamwogopesha bure mtu aliyekuwa imara, na watazamaji hawatasamehe Fundi akiondoka. Alimwambia wanasheria wanataka rekodi fupi, yenye uhakika. Mkasi akanyofoa neno hapa na neno pale, akaunga. Lile uko sawa lilikuwa swali, yeye akalipunguza mkia likawa jibu. Lile utaendelea lilitoka mahali Shangazi aliposema utaendelea kuumia ukibaki humu. Alipofika kwenye habari za ukuta alimsimulia Bosi kwa kumwonea Fundi huruma, na alasiri hiyo hiyo Bosi akaandika jaribio. Mkasi alisema hakulala tangu Jumamosi, na macho yake yalikubali.

"Na rekodi nzima uliitupa wapi?"

Hapo Mkasi akamtazama kwa mshangao, kama aliyetukanwa. "Mhariri hatupi mali ghafi, Afande."

Ilikuwa kwenye diski, ndani ya kabati lake, na juu yake aliandika kwa mkono wake mwenyewe: Ijumaa, nzima. Dakika akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa lakiri, Mkasi akasaini, Sajini akasaini, ikaandikwa saa nane na dakika arobaini. Bosi walimkuta anavaa koti. Akauliza kama wanajua anafahamiana na nani. Sajini, aliyekuwa amebana maneno zaidi ya nusu saa, akamjibu kwamba huko anakokwenda atafahamiana na wengine wapya.

Rekodi waliisikiliza kwenye chumba cha trei za mayai, watatu, Sajini kakaa kwenye zulia. Dakika hamsini. Sauti ya Shangazi iliuliza: Fundi, uko sawa kweli? Kisha kimya. Sajini akafungua mdomo, Dakika akanyanyua mkono. Kimya kiliendelea. Nje ya mlango mtu alipita akiburuta nyaya. Sekunde arobaini na moja, kwa saa ya kiume iliyo kubwa kuliko mkono. Halafu sauti ya Fundi, ndogo, ikasema Shangazi, silali, nikifumba macho naona ukuta, nitoe humu. Na sauti ya Shangazi ikajibu bila haraka: nimekusikia, leo hii unatoka, naandika sasa hivi mbele yako. Kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi.

Shangazi alichukua tishu moja kwenye boksi lake mwenyewe. Akafuta macho, akaikunja mara mbili, akanyooka tena.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Dakika akafungua jalada, akakata jina la mtuhumiwa kwa mstari mmoja, akaandika la Bosi, akatia saa: tisa na dakika arobaini. Sajini akatumwa nalo kwa mwendesha mashtaka, na aliondoka kifua mbele. Dakika angeweza kwenda naye akapokee sifa zake, na sifa alizipenda. Lakini Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Wanasema bado hasemi?"

"Hajasema neno."

"Basi nipelekeni. Mimi najua kusubiri."

Wodini Fundi alilala kageukia ukuta, mkono wake mmoja ndani ya plasta. Dada yake akasimama ghafla alipomwona Shangazi, uso umejaa maneno ya siku tatu. Dakika akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba atamweleza yote, ila kwa sasa amwachie kiti. Shangazi akakivuta karibu na kitanda, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Fundi, nimekuja. Anzia popote."

Akakaa kimya. Muuguzi aliingia, akaona, akatoka. Dada alitaka kusema mara mbili na mara mbili akajizuia. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Kwenye dakika ya tano Fundi alisema bila kugeuka, kwa sauti iliyokauka:

"Walisema umeniruhusu."

Kumbe hilo ndilo lililomfunga mdomo. Hakuwa amepoteza sauti. Alikuwa amempoteza mtu wa kumwambia.

"Nilikukataza," Shangazi akasema. "Niliandika mbele yako, ukaniona. Waliyabadili maandishi yangu."

Fundi akageuza kichwa polepole, akamtazama Shangazi, kisha akamtazama yule mama wa polisi mlangoni, kama anayeomba shahidi. Dakika akasogea mpaka miguuni pa kitanda. Alikuwa ametoa taarifa nyingi maishani mwake, kwa majaji na kwa mabosi, na hakuna aliyoitoa kwa fahari kama hii.

"Tumesikia rekodi nzima, Fundi," akasema. "Shangazi tumemsikia. Na wewe tumekusikia."

Fundi akanyoosha mkono wake mzima juu ya shuka, na Shangazi akaushika.